Jigi ya kuogelea kwenye magugu: kwa nini inarudi na fungu la majani, na kwa nini besi anachomoka

*"Mtaalamu, habari za kazi. Navua besi kwenye ziwa ambalo msimu wa joto ukifika hujaa magugu. Upande mmoja ni mayungiyungi, upande mwingine ni yale ya chini ya maji ambayo vilele vyake hukaribia kutokeza juu. Niliambiwa jigi ya kuogelea, ile ndoana yenye kichwa kizito inayovutwa mlalo majini, ndiyo chambo cha mahali kama hapo kwa sababu hainasi. Nilinunua ya gramu 14, nyeusi na buluu, nikaivalisha mkia wa plastiki wenye magando kama ya kaa. Uzi wangu ni wa nailoni wa kilo 5. Karibu kila nikirusha inarudi na fungu la majani. Mwenzangu mmoja anasema niikate ile brashi ya mbele, zile nyuzi ngumu zinazokinga ncha ya ndoana, kwamba ndiyo inayozoa magugu. Mwingine anasema nichukue jigi nzito zaidi ipasue njia. Halafu mara tatu besi wamepiga kwa kishindo juu ya maji, nikavuta kwa nguvu zote, jigi ikanirukia usoni bila samaki. Je, nimenunua kitu kisichofaa, au mimi ndiye sijui kukitumia?"*

Ndugu yangu, asante kwa kueleza kila kitu: uzito, mkia, uzi, na jinsi samaki alivyoponyoka. Wengi huandika tu "hainasi samaki", nami nabaki nikibahatisha. Wewe umeuliza mambo mawili kwa pamoja, magugu kwenye ndoana na besi wanaopiga bila kunasa. Nitayajibu yote mawili, ila jua mapema kwamba sehemu kubwa ya shida yako inatokana na jambo moja: jigi yako inapita ndani ya magugu, wakati imetengenezwa ipite juu yake na pembeni yake.

Hili la "hainasi" limewaponza wengi. Hakuna chambo chenye ndoana kisichonasa kabisa. Jigi ya kuogelea hukwepa mashina ikikutana nayo moja moja, au ikikwaruza vilele vyake. Ukiizamisha katikati ya kichaka na kuiburuta, itazoa majani kama reki. Aina hii ya jigi ilipata sifa kwenye sehemu ya juu ya mto Mississippi, pande za Wisconsin nchini Marekani, ambako kuna vidimbwi na mikono ya mto yenye maji mafupi yaliyojaa mimea, na mvuvi wa mashindano Tom Monsoor hutajwa sana miongoni mwa walioifanya ijulikane. Maji ya namna ile hayampi mvuvi nafasi ya kuzamisha chambo. Kuna ukanda mwembamba tu wa maji kati ya kilele cha gugu na hewa, na humo ndimo jigi hii inamofanyia kazi.

Sasa ichukue jigi yako, ishike kwa ubavu uitazame. Angalia kwanza lile jicho unalofungia uzi. Kwenye jigi halisi ya kuogelea, jicho liko kwenye ncha ya pua kabisa, na kichwa kimechongoka kama risasi au kama omo ya mtumbwi. Shina likigusa uzi, huteleza kutoka kwenye uzi hadi puani, kutoka puani hadi kwenye brashi, kisha hupita juu ya ndoana. Hakuna mahali pa kujishika. Lakini kuna jigi nyingine, ile ya kudumbukiza wima kwenye vichaka, ambayo jicho lake limesimama juu ya utosi wa kichwa cha mviringo. Hiyo ina kona kati ya jicho na pua, na ukiivuta mlalo jani hujikunja kwenye kona hiyo, la pili likaja juu yake, na kabla hujafika nusu ya safari umeshavuna kitita. Mafungashio ya aina hizi mbili hufanana sana. Kwa kuwa yako ni ya gramu 14, nyeusi na buluu, nina wasiwasi huenda uliuziwa ile ya kudumbukiza. Ukikuta jicho liko utosini, nusu ya swali lako imejibiwa.

Halafu ile brashi. Tafadhali usiikate yote. Ikiondoka, ncha ya ndoana inabaki wazi, nayo ndiyo mshika magugu mkuu kuliko kitu kingine chochote. Ila mwenzako ameona jambo la kweli kwa upande mmoja: brashi nyingi zikitoka kiwandani huwa ngumu na ndefu kupita kiasi, na brashi ngumu humzuia samaki kama inavyozuia jani. Jaribu hivi. Weka kidole gumba juu ya brashi ukandamize kuelekea kwenye ndoana. Ikilala kwa mguso mwepesi, kama unavyobonyeza swichi, ni sawa. Ikikulazimisha kukaza kidole, ng'oa au kata nyuzi zake kutoka shinani, chache chache, hadi kama theluthi moja iondoke. Kisha zipunguze urefu ili ncha zake zipite ncha ya ndoana kwa milimita 3 au 4 tu. Mwisho zitandaze kwa vidole, nusu kushoto, nusu kulia, kama upepeo. Magugu hayaji kutoka mbele tu. Jigi ikiyumba, shina huingia kutoka ubavuni, na brashi iliyokusanyika katikati hailioni.

Ule ushauri wa jigi nzito zaidi ndio ningekusihi uuache. Uzito hausaidii kupasua njia unapovuta mlalo, unasaidia kuzama tu. Jigi inayovutwa huwa kati ya nguvu mbili: uzito unaiteremsha, na mwendo wako pamoja na msukumo wa maji kwenye sketi, zile nyuzi laini zinazoizunguka ndoana, na kwenye mkia unaiinua. Ukiongeza uzito, itakubidi uongeze kasi ili ibaki juu. Ukiongeza kasi sana, hulala ubavu na kuanza kujizungusha, ndoana inaelekea pembeni, brashi haifanyi kazi tena. Kwa hiyo mwenye jigi nzito kwenye maji mafupi ana machaguo mawili mabaya, aende polepole azoe magugu, au aende mbio samaki asiifikie na jigi ipinduke.

Uzito uchague kwa kupima maji yaliyo juu ya magugu, usipime kina cha ziwa. Ziwa linaweza kuwa na mita 3 pale ulipo, lakini kama gugu limepanda mita mbili na nusu, wewe unavua kwenye nusu mita. Hapo gramu 7 zinatosha. Maji yaliyo juu ya vilele yakiwa kati ya nusu mita na mita moja na nusu, chukua gramu 10. Hizo gramu 14 ziweke kwa ukingo wa nje, pale magugu yanapokoma na kina kinaanza, au kwa siku ya upepo mkali ambapo jigi nyepesi si kwamba inakushinda kuirusha tu, hata kuisikia huwezi. Ukipata ya metali ya tangsteni badala ya risasi, kichwa kitakuwa kidogo zaidi kwa uzito uleule, maana tangsteni ni nzito kwa ujazo kuliko risasi kwa zaidi ya mara moja na nusu. Kichwa kidogo hupenya kati ya mashina kwa urahisi. Ni ghali, na kwa anayeanza si lazima.

Mkia nao ni breki. Wengi huuona kama pambo, lakini ndio unaoamua jigi itaelea kwa kasi gani. Magando uliyoweka yana eneo kubwa na yanafaa, ila mara nyingi hukunjwa nyuma yakafungana na majani. Kwa maji yako ningeanza na mkia pacha, ile mikia miwili iliyojikunja kama mundu. Unapiga maji kwa nguvu, unainua jigi, na unakuruhusu uvute polepole bila kuzama. Wa pili ni mkia wa umbo la samaki mdogo, wa sentimita 8 hadi 10, wenye bapa mwishoni linalopiga huku na huku. Huu ndio ninaoupenda zaidi kwenye maji yenye samaki wadogo wengi, kwa sababu unanipa mtetemo ninaousikia mkononi, na mtetemo huo ukikatika najua kuna kitu. Uvalishe ukiwa umenyooka kabisa. Mkia uliopinda hata kidogo huipeleka jigi upande mmoja, nawe utadhani umenunua jigi mbovu.

Kabla hujarusha hata mara moja, fanya jaribio la ubavuni. Teremsha jigi majini karibu na chombo, au kando ya gati kama unavua nchi kavu, ukiwa umeacha uzi wa mita moja tu. Ivute kwa mkono sambamba na ubavu, polepole, kisha kasi, kisha kasi zaidi, huku ukiitazama. Utaona mwendo ambao sketi inafunguka na kufumba kama inapumua, mkia unapiga, na ndoana imesimama juu. Utaona pia mwendo ambao inaanza kulala ubavu. Kasi yako ya kazi iko kati ya hizo mbili. Nilivua msimu mzima bila kufanya jaribio hili, na siku nilipolifanya niligundua kwamba jigi niliyoiamini ilikuwa ikiogelea kiubavu muda wote kwa sababu ya mkia uliochomwa nusu sentimita kando ya katikati. Dakika moja ya kuangalia ingeniokolea miezi.

Sasa tumwangalie samaki mwenyewe, maana bila kumwelewa utarusha mahali pasipo na mtu. Besi ninayemzungumzia ni yule wa mdomo mkubwa, ambaye taya lake la juu hupita nyuma ya jicho. Yeye huvizia. Hakimbizi windo umbali mrefu. Hujiegesha kwenye kivuli, akasubiri kitu kipite, kisha akaruka hatua chache na kufungua mdomo ghafla, maji yakaingia kwa kasi yakivuta windo ndani. Zingatia hilo neno kuvuta, tutalirudia tukifika kwenye kuponyoka.

Watu hudhani magugu yakiwa mazito zaidi ndipo besi wengi zaidi. Si hivyo. Samaki wadogo hujificha kwenye msitu mzito kwa sababu besi hawezi kuwafukuza humo, ana mwili mpana na mashina humzuia na kumziba macho. Kwa hiyo mwindaji mwenyewe hukaa mahali ambapo kificho kinakutana na uwazi: ukingo wa magugu, mlango kati ya aina mbili za mimea, tundu la maji matupu katikati ya kichaka, njia iliyoachwa na chombo, pembe inayojitokeza, au pale ambapo mstari wa magugu unaingia ndani kama ghuba ndogo. Wewe una ziwa lenye mayungiyungi upande mmoja na magugu ya chini upande mwingine. Ningeanza pale yanapokutana. Tena chagua mimea mibichi. Gugu lililo hai hutoa oksijeni mchana, lakini lililogeuka kahawia na kuanza kuoza huila, na samaki hulihama.

Kwenye maji yaliyochafuka kidogo, au jua likiwa limezama, besi hutegemea sana mstari wa hisia ulio ubavuni mwake, ambao hunasa mitikisiko ya maji. Ndiyo maana mkia unaopiga kwa nguvu una maana zaidi humo kuliko rangi. Kuhusu rangi sitakuchosha. Nyeupe pale samaki wadogo wa kung'aa wanapokusanyika, kijani cha kahawia kwenye maji maangavu na karibu na samaki wadogo wa mwambao, nyeusi na buluu kwenye maji ya matope, mawingu mazito na usiku. Yako haina kosa ila inategemea maji yakoje. Ukiweza kuona mguu wako ukiwa umesimama kwenye maji ya magotini, jaribu ya kijani.

Uzi wako lazima ubadilishwe, na hapa sitauma maneno. Nailoni ya kilo 5 haina nafasi kwenye magugu. Nailoni hunyumbuka, na ukiwa mita 20 kutoka kwa samaki nguvu yako nyingi inaishia kwenye kule kunyumbuka badala ya kufika kwenye ndoana. Zaidi ya hapo, besi akishajifunga kwenye mashina, kilo 5 hukatika. Kwa mayungiyungi na magugu mazito tumia uzi wa kusuka wa kilo 20 hivi, hata 25. Uzi wa kusuka haunyumbuki, unaelea, na ukikazwa hukata mashina laini kama kisu kinavyokata mkate. Kwenye magugu machache na maji maangavu unaweza kutumia fluorokaboni ya kilo 7 au 8, ambayo haionekani sana majini. Ila uzi wa kusuka una adabu yake. Usiuzungushe mkononi hata siku moja ili kuvuta kitu kilichonasa, maana hukata nyama hadi mfupani. Zungushia kipande cha mti au tumia mpini.

Ukiwa na uzi usionyumbuka, fimbo nayo isiwe ngumu kama mti wa ufagio. Fimbo ya mita 2.1 hadi 2.2, yenye nguvu kiunoni na ncha inayokubali kupinda, inafaa zaidi. Rili, yaani kigurudumu cha kukusanyia uzi, iwe ya mzunguko wa haraka, si kwa sababu unavuta haraka, bali kwa sababu samaki akikimbilia kwako lazima ukusanye ulegevu kabla hajatema.

Nikuelekeze mvuto mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, maana maneno ya jumla hayafundishi mkono. Rusha mita mbili au tatu kupita mahali unapopataka, usirushe juu yake. Jigi ikiwa bado hewani, funga rili kwa mkono. Ikigusa maji, ncha ya fimbo iwe tayari juu ya usawa wa bega, na mzunguko wa kwanza wa rili uanze hapohapo, ili isipate nafasi ya kuzama. Vuta kwa kasi ile uliyoiona ubavuni. Ncha ya fimbo itikise kidogo sana, kama mtu anayetetemeka kwa baridi, sketi ipumue. Utausikia mkia: tuk, tuk, tuk. Kisha utasikia uzito laini, kama umeshika kitambaa kilicholowa. Hilo ni gugu. Usiendelee kuvuta kwa uzito uleule, maana hapo ndipo fungu linapoanza. Piga kifundo cha mkono mara moja, kwa ufupi na ukali, jigi ichomoke. Ikichomoka tu, acha kuvuta kwa muda wa kuhesabu moja, ianguke kidogo ndani ya uwazi, kisha endelea. Kadiri jigi inavyokukaribia, uzi husimama wima zaidi na kuiinua, kwa hiyo shusha ncha ya fimbo taratibu ili ibaki kwenye kina kilekile.

Ule mchomoko mmoja una thamani kubwa. Kwa besi aliyejificha, kitu kilichokwama kikajinasua ghafla kinafanana na windo lililoshtuka. Sehemu kubwa ya samaki wangu wa jigi hii walipiga katika nusu sekunde baada ya gugu kuachia. Kwa hiyo usiyachukie magugu yanapogusa ndoana. Jigi isiyogusa kitu hata mara moja katika mvuto mzima inaogelea mbali mno na samaki. Unatafuta mguso wa hapa na pale, juu juu, na ukishazoea utajua kwa mkono tu kama unakwaruza vilele au unalima shamba.

Sasa wale besi watatu waliokuponyoka. Kumbuka nilisema samaki huyu huvuta windo kwa maji. Ili jigi iingie mdomoni, inabidi iwe huru kusogea kidogo kuelekea kwake. Wewe uliposikia kishindo, macho yaliamrisha mkono kabla ya samaki kumaliza kazi yake. Kishindo ni maji yaliyosukumwa, na si lazima jigi iwe imeshaingia. Ukivuta wakati huo unamnyang'anya. Fanya hivi: sikia kishindo, endelea kuzungusha rili kama vile hukuona chochote, hadi uusikie uzito wenyewe kwenye fimbo, uzito unaosogea. Hapo ndipo unapogeuza kiuno na kuifagia fimbo kuelekea pembeni huku ukizungusha rili, mwendo mrefu na thabiti. Usiinyanyue juu kwa kishindo kama mtu anayeng'oa mhogo. Kwa uzi wa kusuka, ukinyanyua hivyo ama utamchana mdomo ama jigi itakurudia usoni, na jigi inayorudi kwa kasi ni hatari. Vaa miwani. Si kwa jua pekee, ni kwa sababu ya macho yako.

Najua ni vigumu. Mkono hautaki kusubiri. Dawa iliyonisaidia ni kuacha kuangalia mahali jigi ilipo na kuangalia ncha ya fimbo. Nisipoona kishindo, sina cha kunitisha.

Kagua na ndoana pia. Iburute taratibu kwenye ukucha wa gumba bila kukandamiza. Ikiteleza, ni butu, inoe kwa tupa ndogo. Ikishika na kuacha alama, iko tayari. Ndoana za jigi huwa nene, na ndoana nene iliyo butu haipenyi hata ukiwa na uzi wa chuma.

Besi akishanasa kwenye magugu, mpambano unaamuliwa mapema sana. Mwinue. Ukimruhusu ageuze kichwa chini, anajizungushia mashina na unavuta kichaka badala ya samaki. Akishajizika, usishindane naye kwa kuvuta na kulegeza. Shikilia uzi ukiwa umekaza kwa nguvu ileile, sogeza chombo hadi juu yake, fuata uzi kwa mkono ukitenganisha majani, umkute. Nimewapata wengi namna hiyo ambao kwa kuvuta ningewapoteza. Kama unamwachia, lowesha mikono kwanza, na samaki mkubwa usimning'inize kwa taya huku mwili umelala mlalo hewani. Mshike tumbo kwa mkono wa pili.

Kuna magugu ambayo jigi hii haiyawezi, na ni haki nikuambie. La kwanza ni mwani wa nyuzi nyuzi, ule mlaini unaofanana na pamba iliyolowa. Haukatiki, haukwepeki, unajizungushia kila kitu. Ukiuona, hama. La pili ni zulia zito lililofunika uso wa maji kabisa bila nafasi. Hapo chura bandia wa kutembea juu ya zulia, au chubwi zito la kutoboa na kuzama wima, vinafanya kazi ambayo jigi ya kuogelea haiwezi. Kwa mayungiyungi yenye nafasi kati ya majani, matete machache na vilele vya magugu ya chini, sijaona chambo kinachoizidi.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatatui. Kama baada ya safari nne au tano bado jigi inazama na huelewi kwa nini, tafuta mvuvi mzoefu akae nawe saa moja akuangalie. Makosa ya mkono, hasa kuchelewa kufunga rili jigi inapotua, mtu mwenyewe hayaoni. Ofisi ya uvuvi ya eneo lako nayo iulize kuhusu leseni, ukubwa wa samaki unaoruhusiwa kuchukua, kama besi anaruhusiwa kurudishwa majini, na kama vichwa vidogo vya risasi vinakubaliwa, maana kuna mahali vimepigwa marufuku. Usihamishe magugu kutoka ziwa moja kwenda jingine. Hidrila, kwa mfano, huota upya kutoka kwenye kipande kidogo tu cha shina, kwa hiyo safisha chombo na vifaa kabla ya kuondoka.

Na ndoana ikikuingia mwilini hadi kwenye kile kimwiba, usiichomoe kwa nguvu. Kata uzi, iache ilivyo, ifunge isitikisike, uende hospitali, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Ikiwa imeingia karibu na jicho, usiiguse kabisa na usicheleweshe hata dakika.

Kuhusu ile jigi yako ya gramu 14, usiitupe. Kama jicho lake liko puani, itumie asubuhi kwenye ukingo wa nje. Simamisha chombo sambamba na ukuta wa magugu, rusha kando ya ukuta huo, iache iteremke hadi uzi ulegee, kisha ivute polepole ikikaribia kugusa mashina. Kama jicho liko utosini, idumbukize wima kwenye yale matundu katikati ya mayungiyungi, iache ifike chini, itikise mara mbili mahali pamoja, iinue, uhamie tundu linalofuata. Kwa juu ya magugu tafuta ya gramu 7 au 10 yenye pua iliyochongoka, ifungie uzi wa kusuka, na uanze pale mayungiyungi yanapokutana na yale magugu ya chini.